"Hao bado watoto": dhana potofu kuhusu paka wadogo na mimba

"Hao bado watoto." Nalisikia neno hili kila mara kwa watu waliofuga paka wawili wadogo, jike na dume. Ukweli ni kwamba jike anaweza kupata joto, yaani kuwa tayari kupandwa, akiwa na miezi minne tu. Umbo dogo lisikudanganye: hushika mimba mwili wake mwenyewe ukiwa bado unakua.

"Lakini ni ndugu wa tumbo moja." Nami niliamini hivyo. Jioni moja jike wangu alilaza kifua sakafuni, akainua kiuno, mkia kauweka pembeni, miguu ya nyuma ikikanyaga palepale, huku analia mfululizo. Nikadhani tumbo linamuuma, nikampa maji; kumbe lilikuwa joto. Baada ya wiki tisa alizaa ndani ya kapu la nguo, na dume pekee aliyekuwa ndani ya nyumba ni kaka yake. Paka hajui undugu. Kaka humpanda dada, mtoto humpanda mama, na watoto wanaozaliwa wamo katika hatari zaidi ya kasoro za kurithi. Hata mama anayenyonyesha anaweza kushika mimba nyingine.

Wengine husema watawaangalia. Huwezi. Tendo lenyewe huisha kwa muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na kupandwa ndiko kunakolitoa yai, kwa hiyo mimba hushika kwa urahisi. Kinachosaidia ni mlango uliofungwa kati ya jike na dume, usiku na mchana, na dirisha pia, kwa sababu ya dume wa jirani. Joto huchukua kama wiki moja, na asiposhika mimba hurudi baada ya wiki chache. Joto hutegemea urefu wa mchana, na kwetu karibu na ikweta mchana haupungui sana mwaka mzima, basi hakuna msimu wa kupumzika.

Vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu usimpe kabisa. Dawa za aina hiyo zinaweza kumletea usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti.

Na ile ya "azae kwanza mara moja" haina faida yoyote. Akifungwa kizazi, yaani kutolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji, kabla ya joto la kwanza, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana. Zungumza na daktari wa mifugo wakiwa na miezi minne. Dume akishahasiwa, usiwarudishe pamoja siku hiyohiyo: mbegu zilizobaki mwilini zinaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Watenge hadi wiki sita zipite.