Kocha aliyerithi nyota hakufanya kitu?

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Mwembe Tayari, Mombasa, hoja hii haizeeki: kocha Guardiola alipofika Barcelona ya Uhispania aliwakuta nyota Messi, Xavi na Iniesta wameshaiva, hata mimi ningebeba kombe. Sivyo. Msimu wa 2007/08 watatu hao walikuwapo Barcelona chini ya kocha Rijkaard, na timu ikamaliza ya tatu, pointi 18 nyuma ya Real Madrid. Kipimo ni kile kocha anachoongeza juu ya alichokikuta. Guardiola alipoingia 2008, nyota Ronaldinho na Deco waliondoka. Busquets na Pedro, aliowafundisha timu ya pili kwenye daraja la nne, akawapandisha. Kweli, beki Dani Alves alinunuliwa, tena ghali. Mei 2009 wakabeba ligi, Kombe la Mfalme na ubingwa wa Ulaya.