Usikamulie ndimu kwenye madoa ya chunusi

Alikuja kliniki binti mwenye mchirizi mweusi ulioanzia shavuni ukaishia chini ya kidevu. Asubuhi alikuwa amepaka ndimu kwenye madoa ya chunusi, tone likateremka, naye akaenda zake sokoni. Baada ya siku mbili ngozi iliwaka kama imemwagiwa chai ya moto, ikabaki nyeusi palepale ndimu ilipopita.

Ule haukuwa mzio. Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huiunguza. Isitoshe, maji yake yako karibu na 2 kwenye pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho namba ikishuka ukali huongezeka, wakati ngozi iko karibu na 5, na kila hatua ya kipimo hicho ni ukali mara 10. Ngozi nyeusi ikichokozwa hutoa melanini, yaani rangi yake nyeusi, kwa wingi. Doa la chunusi lenyewe limetokana na hilo. Ukiliunguza unaliongezea weusi. Dawa ya meno na magadi ni yaleyale. Mkorogo ni hatari zaidi, kwa kuwa mara nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi.

Mimea siikatai. Mshubiri, wengi tunauita aloe vera, hutuliza ngozi iliyovimba. Kata jani, lisimamishe kwenye kikombe dakika 15 ule utomvu wa njano uchuruzike wote, maana ndio unaowasha. Lioshe, limenye, utumie ute angavu wa ndani peke yake. Anza kujaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, usubiri siku mbili.

Ila ute huo haufuti doa. Doa hufifia lenyewe, kwa miezi mitatu hata mwaka, lisipochokozwa: usikamue chunusi, osha uso kwa sabuni isiyo kali, jikinge na jua kwa kofia pana au mafuta ya kukinga jua yaliyoandikwa SPF 30. Mafuta ya nazi yapake miguuni. Usoni penye chunusi huziba vinyweleo.

Na tafadhali, kama una baka lililofifia rangi, liguse kwa pamba ukiwa umefumba macho. Usipohisi kitu, usipake chochote, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda ni ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na zikianzwa mapema vidole havilemai.