Jasho la Aliye Kwenye Kiti

"Mwacheni apumzike, mgongo upone." Shangazi yangu aliyasema hayo mwaka mzima, kwa mapenzi, baada ya mimi kuumia uti wa mgongo na kuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Mapumziko yana wakati wake: mfupa lazima ushike kwanza, na daktari ndiye anayejua lini. Baada ya hapo kulala kunadhuru. Misuli hunyauka, mifupa ya miguu hudhoofika, ngozi ya makalio huoza kwa kugandamizwa, na moyo huzoea uvivu. Maradhi ya moyo yamo kati ya yanayowaua zaidi watu walioishi miaka mingi na jeraha la uti wa mgongo. Sisi tunachunga tu gurudumu lisiingie mtaroni, moyo tunausahau.

"Bila miguu, mazoezi ya kupandisha pumzi na mapigo ya moyo utafanyaje?" Moyo haujali damu inaitwa na mkono au na mguu. Mwongozo wa kimataifa kwa watu wazima wenye jeraha hili unataka angalau dakika 20 za mazoezi ya wastani hadi makali mara 2 kwa wiki, na ya kujenga nguvu za misuli mara 2. Kwa afya ya moyo na sukari, dakika 30 mara 3. Kule Buruburu tunazunguka maegesho ya kanisa Jumamosi asubuhi, maana kando ya barabara pamejaa vibanda na bodaboda. Chunga mabega tu, ukisukuma sana bila mazoezi ya kuvuta yatalia.

"Mapigo hayapandi, huyo anazembea." Neva zinazouharakisha moyo hutoka kwenye uti sehemu ya juu ya kifua. Aliyeumia shingoni mapigo yake huweza kukwama 110 hadi 130 kwa dakika hata akijitutumua, kwa hiyo saa ya mkononi itamdanganya. Apime kwa pumzi: akiweza kuongea ila kuimba hawezi, kasi ni ya wastani. Tena hatoi jasho vizuri chini ya jeraha, na jua la Februari Nairobi halina huruma, basi abebe chupa ya kujinyunyizia maji.

"Kichwa kinamgonga? Ni uchovu, alale kidogo." Hapa ndipo watu wanaweza kufa. Ukiumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kero usiyoihisi huko chini, kama kibofu kilichojaa, choo kigumu au mkanda unaobana, huweza kuipandisha presha ghafla. Kichwa hugonga, uso huwaka na kutoa jasho. Presha yetu ya kawaida huwa chini, hivyo namba ya juu ya 140 inayoonekana si kitu kwa mwingine, kwetu ni hatari. Siku moja nilipewa panadol kwenye kliniki na kuambiwa nilale chali, kumbe mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja. Mketishe wima, legeza nguo, fungua njia ya mkojo, na presha isiposhuka haraka, mkimbize hospitali.

"Ukitoa jasho la kutosha utatembea." Panya waliokimbizwa maabara wameonyesha protini zinazosaidia neva, na binadamu ambaye uti haukukatika wote anaweza kurudishiwa kiasi kwa mazoezi. Uti uliokatika kabisa hauungwi na jasho, hata muuza mashine akuapie.

Miguu yangu haijasogea. Ila ule mteremko wa benki, ambao mlinzi alikuwa akinisukuma, siku hizi ananifungulia mlango tu.