Je, Wajua Kwa Nini Pampu ya Tangi la Samaki Hunguruma Bila Kutoa Viputo?

Kinyozi wangu wa Old Kampala ameweka tangi la samaki pembeni ya kioo, wateja wapate cha kutazama foleni ikiwa ndefu. Juzi nilikuta viputo vikitoka kimoja kimoja, kivivu, kama uji unaosita kuchemka. "Mzee wangu, pampu inalia kama siku zote," akaniambia huku ameshika wembe. "Sasa hewa inaenda wapi?"

Ameuliza vyema, maana ule mngurumo hausemi lolote kuhusu hewa. Ndani ya kisanduku kile hamna kitu kinachozunguka. Kuna koili ya waya, na mbele yake kijimkono chenye sumaku. Umeme wa Uganda hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, na sumaku huvutwa na kusukumwa kwa kasi hiyohiyo. Mkono hutikisa kikombe cha mpira laini: kikitanuka huvuta hewa kwa kilango kimoja, kikibonyea huisukuma kwa kilango cha pili kuelekea kwenye bomba. Kikombe kikichanika hata ufa wa unywele, koili haina habari. Itaendelea kutikisika na kunguruma, tena pengine kwa sauti zaidi.

Kwa hiyo usiisikilize pampu, ifuate hewa. Chomoa bomba pale kwenye pampu, weka kidole kwenye tundu. Hewa ikitoka kwa nguvu, pampu ni nzima na kosa liko mbele. Rudisha bomba, kisha uondoe lile jiwe la hewa lililozama, lile la vitundu vidogo linalogawa hewa iwe viputo. Viputo vikubwa vikibubujika kutoka bomba tupu, jiwe ndilo limeziba, kwa ukoga wa kijani au chokaa ya maji. Lichemshe, likauke kabisa, ujaribu tena. Likikataa, nunua jingine. Halistahili kugombana nalo. Bomba lenyewe pia hukunjika nyuma ya tangi, au ncha yake hukakamaa na kuvuja: paka maji ya sabuni kwenye maungio ya nje, uone panapochemka.

Kwa kinyozi, hewa ilikuwa hafifu palepale kwenye tundu. Kabla ya kulaumu mpira wa ndani niliigeuza pampu. Nyingi zina kipande kidogo cha sponji chini, mahali hewa inapoingilia, na wenye nazo wengi hawajui kwamba kipo. Chake kilikuwa kimegeuka blanketi la nywele. Pampu ilikaa sakafuni, chini ya kiti, ikivuta kila kilichoanguka kutoka vichwani mwetu. Tukakitoa, tukakisuuza, tukakikausha. Viputo vikarudi.

Sikumruhusu airudishe sakafuni, na si kwa sababu ya nywele tu. Umeme ukikatika, na hapa hukatika, pampu haisukumi tena. Ikiwa iko chini ya usawa wa maji, maji huweza kupanda kwenye bomba na kujivuta yenyewe hadi ndani yake, kama petroli inavyonyonywa kwenye tangi la bodaboda. Umeme ukirudi, unakuta koili imelowa. Tuliiweka kwenye rafu iliyo juu kuliko maji. Asiye na rafu aweke vali ya njia moja kwenye bomba, ipitishe hewa iendayo na kuzuia maji yasirudi. Ni kitu kidogo, na kazi yake ni hiyo tu.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kuliko vyote. Kila mita 10 za maji hukandamiza karibu sawa na hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo hata sentimita 40 za tangi ni mzigo kwa kikombe kilichochoka. Inua jiwe polepole kuelekea juu. Viputo vikiongezeka sana kadiri linavyopanda, pampu imezeeka. Ichomoe kwenye umeme ndipo uifungue.

"Na samaki wanavuta hivyo viputo?" akauliza kijana aliyekuwa akinyolewa. La. Sehemu ndogo tu ya oksijeni huingia majini kutoka kwenye kiputo kinapopanda. Kazi kubwa hufanyika juu, viputo vinapoyasukuma maji ya chini yapande na kuukoroga uso, hewa na maji vikutane. Hapa Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi: maji ya nyuzi 25 hubeba miligramu 7 na kidogo za oksijeni kwa lita, ilhali Mombasa yangebeba zaidi ya 8. Kwa hiyo uso uliotulia huku kwetu ni hatari zaidi. Ukiona samaki wote wamejipanga juu wakihema, usingoje. Kambale na kamongo ndio wa kusamehewa. Hao hupanda kuvuta hewa kwa maumbile yao, na kamongo ana mapafu hasa.

Vile viputo vidogo vinavyong'ang'ania kioo baada ya kubadilisha maji visikutishe. Maji ya bomba hufika na hewa iliyoshindiliwa kwa shinikizo, nayo hujitoa yenyewe ndani ya saa chache. Lakini povu linalokaa juu bila kupasuka ni jambo jingine: aidha chakula kimezidi, au kuna sabuni. Nilimtazama kinyozi, yeye akatazama chupa ya shampuu iliyosimama juu ya kifuniko cha tangi, akaihamisha bila kusema neno.