Mashine ya mtetemo na kuwashwa kwa ngozi: si mafuta yanayoyeyuka

Wauzaji wa mashine za kutetemesha mwili wana jibu la haraka kwa mteja anayewashwa: "Hayo ni mafuta yanayeyuka." Wengine husema ni sumu inatoka. Nimeyasikia yote mawili kutoka kwa watu waliokuja kwangu wakiwa na mapaja mekundu yenye alama za kucha, na baadhi yao walikuwa wameongeza muda wa kusimama kwenye mashine wakiamini kwamba anayewashwa zaidi ndiye anayepungua zaidi. Mafuta yanapotumika huvunjwa ndani ya seli, huingia kwenye damu, huunguzwa kwenye misuli, na mwisho wake hutoka kama kabonidioksidi unayoipumua pamoja na maji. Neva ya ngozi haihusiki popote katika safari hiyo.

Kinachokuwasha ni damu iliyojaa kwenye ngozi, pamoja na kemikali iitwayo histamini.

Mashine nyingi za kwenye jimu hutetema kati ya mara 20 na 50 kwa sekunde. Ndiyo ile Hz unayoiona kwenye kioo chake. Ukiiweka 30, basi dakika moja tu ni mitetemo 1,800. Bamba unalosimama juu yake likipanda milimita 2 na kushuka milimita 2 kwa kasi hiyo, mchapuko unaoingia kwenye nyayo zako unazidi mara 7 ule wa mvutano wa dunia. Misuli hujibu kwa kujikaza yenyewe bila wewe kuiamuru, na faida ya mashine hii iko hapo. Ngozi na mafuta yaliyo chini yake hayana namna ya kujikaza, hivyo hutikisika tu. Ndiyo maana malalamiko hutoka pale penye nyama laini: mapaja, makalio, tumbo, nyuma ya mikono. Pua nayo huwasha, hasa kwa anayesimama magoti yamenyooka kama askari wa gwaride, kwa sababu mtetemo unapanda moja kwa moja mpaka kichwani.

Mtikisiko huo huzichokoza kuta za vishipa vidogo vya damu. Kuta hutoa nitriki oksidi, vishipa hupanuka, na ngozi hupata joto na wekundu. Hili si jambo geni kwa watafiti. Mwaka 2000, Jörn Rittweger na wenzake walichapisha matokeo ya vijana 37 wenye afya nzuri waliochuchumaa juu ya bamba lililotetema mara 26 kwa sekunde, wakiwa na uzito wa ziada, mpaka wakachoka kabisa. Karibu nusu yao walipata wekundu unaowasha, na damu kwenye ngozi iliongezeka. Watafiti wenyewe waliandika kwamba hawakulitarajia. Katika majaribio hayohayo, oksijeni iliyotumika juu ya mashine haikufika hata nusu ya ile waliyoitumia kwenye baiskeli ya mazoezi mpaka mwisho wa uwezo wao. Anayetaka kuunguza mafuta aanze kwa kuitafakari tarakimu hiyo kabla ya kulipia mashine.

Ndani ya ngozi, hasa kandokando ya vishipa vya damu, kuna seli za kinga ziitwazo seli masti. Zimejaa vifuko vya histamini, na hazipasui vifuko hivyo kwa ajili ya mzio peke yake: joto, msuguano, mgandamizo na mtikisiko navyo vinaweza kuzichokoza. Histamini ikimwagika, vishipa hupanuka zaidi na neva nyembamba za mwasho huamshwa. Mwaka 1997, Martin Schmelz na wenzake walionyesha kwamba kwenye ngozi ya binadamu kuna neva za aina hiyo zinazoitikia histamini, na ni neva za mwendo wa kobe ukizilinganisha na zile za mguso.

Hapo ndipo tunapata jibu la swali ninaloulizwa kuliko yote: "Daktari, mbona nawashwa zaidi nikishashuka?" (Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, lakini nimeshaacha kusahihisha.) Wakati bamba linatetema, neva nene za mguso hupeleka habari nyingi sana kwenye uti wa mgongo, na habari hizo huuzuia mwasho usipite. Ronald Melzack na mwenzake walichapisha jaribio la mtetemo kutuliza mwasho mwaka 1965. Mashine ikizimwa, kizuizi kinaondoka, lakini histamini bado iko kwenye ngozi na damu bado imejaa. Kwa hiyo dakika za kwanza baada ya kushuka ndizo mbaya. Kwa watu wengi ninaowahudumia, hali hutulia ndani ya nusu saa au chini ya hapo, na wakiendelea na mazoezi kwa mpangilio, mwasho hupungua wiki hadi wiki.

Wengi hunielezea kwa kusema wamehisi kama wamemwagiwa upupu. Kwa hisia nawaelewa, ila upupu hupita njia nyingine kabisa. Vile vinyweleo vya ganda lake hubeba kimeng'enya kiitwacho mukunaini, kilichotambuliwa na Shelley na Arthur mwaka 1955, nacho huamsha neva za mwasho bila kuihitaji histamini. Ndiyo maana aliyeingia kwenye upupu akimeza dawa za mzio hapati nafuu ya maana. Mwasho wa mashine wenye vinundu vya kuvimba, kwa kawaida, hutulizwa na dawa hizo, na hiyo ni dalili mojawapo ya kuonyesha kwamba histamini imo.

Sasa tuangalie ngozi yenyewe, maana wekundu tambarare na uvimbe ni vitu viwili tofauti. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho: pitisha kiganja. Ngozi ikiwa ya moto lakini laini na sawa, hiyo ni damu tu. Ukigusa vinundu au mabaka yaliyoinuka, seli masti zimefunguka kwa wingi, na hapo nauliza maswali zaidi. Je, unapata hivyo hivyo ukijisugua na taulo, ukipiga makofi muda mrefu, ukikimbia, au ukisafiri kwa basi kwenye barabara ya makorongo? Ukijibu ndiyo, huenda una urtikaria ya mtetemo, yaani ngozi kuvimba na kuwasha kila inapotikiswa. Ugonjwa huu wa kurithi ulielezwa mwaka 1972, na mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliochunguza familia zenye asili ya Lebanoni walipata hitilafu kwenye jeni iitwayo ADGRE2. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo ina sehemu mbili zilizoshikana juu ya seli masti. Kwa wenye hitilafu, mtikisiko huzitenganisha kirahisi na seli hufunguka. Ni nadra mno. Daktari wa mzio huupima kwa kuulaza mkono juu ya kifaa cha maabara kinachotetemesha mirija, kwa dakika chache, kisha hungoja uvimbe.

Kuna jamaa zake wanaopatikana zaidi. Vipele vidogo vidogo vinavyochoma mara tu mwili unapopata joto na jasho, hata bila mashine, ni urtikaria ya joto la mwili. Mistari inayovimba pale ulipojikuna ni ngozi inayoandikika: jaribu kuuburuza mgongo wa kalamu kwenye mkono na uangalie baada ya dakika kadhaa. Wapo pia ambao mazoezi huwaletea mzio mkali pale tu walipokula chakula fulani saa chache kabla, ngano au kamba kwa mfano. Hawa nawapeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Midomo au macho yakivimba, kifua kikibana, sauti ikikwama au kizunguzungu kikikupata, shuka, usimalize dakika zilizobaki, na uende hospitali.

Ambaye ana mwasho wa kawaida namwambia aanze na kasi ya chini na vipindi vya sekunde 30 hadi dakika moja, akipumzika kati ya kimoja na kingine kwa kutembea. Magoti yakunjwe kidogo, uzito ukae katikati ya nyayo. Taiti inayobana hupunguza kutikisika kwa mapaja, na kwa uzoefu wangu hiyo pekee huwatosha wengi. Ngozi kavu huwashwa upesi, kwa hiyo ipakwe mafuta yasiyo na manukato baada ya kuoga, na maji yawe ya uvuguvugu. Chumba kiwe na hewa. Ukishashuka, weka kitambaa cha maji baridi pale panapowasha; ukijikuna unazichokoza seli zilezile upya.

Kuhusu dawa: piriton, ile dawa ya mzio, ninaikataza kabla ya mazoezi, kwani inaleta usingizi, na mtu mwenye usingizi juu ya bamba linalotikisika anaweza kuanguka. Setirizini au loratadini ni afadhali, kwa ushauri wa mfamasia. Lakini nikiona mtu anahitaji kidonge kila anapotaka kupanda mashine, namshauri atafute zoezi lingine. Kuchuchumaa na kupanda ngazi hufanya kazi kubwa kwenye mapaja yaleyale bila umeme.

Mwasho wa mguu mmoja tu, wenye uvimbe, joto na maumivu ya shavu la mguu, usiuchukulie kama haya niliyoyaeleza. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye vena, na mwenye damu iliyoganda hapandi mashine hii kabisa. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na aliyevunjika mfupa au kufanyiwa upasuaji hivi karibuni.