Akili timamu, mwili wenye afya: Warumi walisema nini hasa?

Msemo wa "akili timamu katika mwili wenye afya" tumezoea kuutaja kama hekima ya Warumi: fanya mazoezi, akili itachangamka. Sivyo ulivyoandikwa. Maneno hayo ni ya mshairi Juvenal, wa mwanzoni mwa karne ya 2, na mbele yake kuna neno ambalo huachwa kila mara: "tuombe". Ni dua.

Shairi lenyewe, la 10 katika mashairi yake ya kejeli, linahusu vitu ambavyo watu huviomba kwa miungu kisha vikawaangamiza: mali, cheo, uzuri, hata umri mrefu. Mfano wa cheo ni Sejanus: alikuwa mtu wa pili kwa ukubwa Roma, chini ya Kaisari Tiberius, akauawa mwaka 31. Juvenal anatuonyesha sanamu zake zikivutwa chini kwa kamba, zikiyeyushwa tanurini, na uso ule uliosujudiwa ukigeuzwa mitungi, mabeseni, kikaango na vyombo vya kukojolea. Picha hiyo hunigusa kila nikiisoma.

Mwishoni ndipo anasema: kama ni lazima uombe kitu, omba uzima wa akili na wa mwili, na moyo usioogopa kifo. Hasemi popote kwamba mwili wenye afya ndio unaozaa akili timamu.