Anza na ndoo kabla ya mashine: ushauri kwa anayetaka kung'arisha magari kibiashara

Magari ya utalii yakirudi Arusha kutoka Ngorongoro na Serengeti, huna haja ya kuambiwa yametoka wapi. Vumbi limeingia hadi kwenye bawaba za milango, tope limegandia madigadi, na chini ya kapeti mchanga unachoteka kwa kiganja. Dereva anataka gari ling'ae kabla ya kubeba wageni wengine kesho alfajiri. Wewe ambaye Jumapili nzima unasugua rimu za gari la mjomba wako bila malipo, soko lako ni hilo.

Wanaokuja kwetu kuomba ushauri huuliza kwanza wanunue mashine gani ya presha. Mimi huwarudisha kwenye ndoo. Weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira wa nyumbani, fungua bomba mpaka mwisho, uangalie saa. Tuseme imejaa kwa dakika moja na nusu. Mpira huo ukiachwa unatiririka kwa dakika 15 huku wewe unasugua, umemwaga lita 200, yaani pipa zima, na mengi ya maji hayo hayakugusa gari.

Jaribu hivi. Lowesha gari ili vumbi lilegee. Ndoo ya kwanza iwe na maji ya sabuni, ya pili maji matupu ya kusuuzia kitambaa cha mikrofaiba. Anza na paa, shuka taratibu, sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho. Kila ukimaliza kipande, suuza kitambaa, kamua, ndipo urudi kwenye sabuni. Mchanga unaobaki kwenye kitambaa ndio unaochora ile mikwaruzo ya mviringo inayoonekana juani kwenye gari jeusi. Gari dogo lisilo na tope halihitaji zaidi ya ndoo nne. Land Cruiser iliyotoka porini itakula zaidi, tusidanganyane. Sabuni ya unga iache kwenye nguo, kwa sababu ni kali na huondoa nta inayolinda rangi. Tumia shampuu ya magari.

Kazi kubwa iko kwenye maji yanayotoka uani kwako. Mitaro ya mvua ya Arusha huelekea mitoni. Themi huungana na Kikuletwa, Kikuletwa huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kabla ya kufika huko kuna watu wanamwagilia mboga. Ndiyo maana sipendi kabisa mtindo wa kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Injini isafishwe kwa brashi na kitambaa, na kitambaa chenye grisi kisifuliwe mtaroni.

Mtego wa mafuta, yaani mapipa ya kutenganisha mafuta na maji machafu kabla hayajatoka uani, si jambo la kutisha. Panga mapipa matatu, kila moja chini kidogo ya lililotangulia, uyaunganishe kwa bomba la plastiki. Tope hutulia chini, mafuta huelea juu. Ndani ya pipa, bomba la kutolea liwekewe elbo (kiungo cha bomba kilichopinda) inayotazama chini ili lichote maji ya katikati. Lakini sabuni huvunja mafuta kuwa vitone vidogo sana visivyoelea, na hivyo hupita. Pipa halitakuokoa ukimwaga dizeli na sabuni pamoja. Mafuta yaliyoelea yaengue, uyahifadhi kwenye dumu lenye mfuniko hadi umpate mkusanyaji mwenye kibali.

Eneo la kazi lichague kwa makini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuuathiri. Kuelekeza maji machafu mtoni kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde la mto, hapa kwetu Bonde la Pangani. Namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri ni mambo ya kufuatilia kwa siku chache, usiyaogope.

Na bei? Usishindane na wanaoosha kwa mpira kando ya barabara. Hutawaweza, na huna sababu. Uza usafi wa ndani: viti, dari, matundu ya kiyoyozi, mikanda iliyogeuka rangi kwa jasho na vumbi. Kazi hiyo inataka brashi, mashine ya kufyonza vumbi na uvumilivu, na maji yake hayazidi ndoo moja. Andika kwenye daftari saa ulizotumia kwa kila gari, maana wapenzi wa magari husahau kujilipa.

Ukianza kupata wateja wa kudumu, nunua tangi la mvua kabla ya hiyo mashine ya presha. Mvua ya milimita 25 juu ya bati la mita za mraba 40 ni lita 1,000, na masika ya Arusha huileta mara nyingi. Maji ya visima vyetu vingi yana floraidi na madini mengine kutoka miamba ya volkano, tone likikaukia kwenye rangi huacha duara jeupe. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya mvua.